Jina la Sesilia Kwenye Wimbo Wangu

Sesilia amenitukana mbele ya umati kwa miaka mingi, na niseme ukweli, anatukana vizuri. Mimi ni Esta, Mama Masalu, muuza dagaa wa sokoni Kahama. Yeye ni Mama Maige, muuza mchele, na meza yake imegusana na yangu. Asubuhi tunasalimiana vizuri tu, "Mwangaluka, mayu," tunagawana chai ya rangi na vitumbua. Mteja wake akitaka mboga ananisukumia mimi, wangu akitaka wali namsukumia yeye. Lakini mpunga ukishaingia ghalani na kiangazi kikikolea, tunakuwa maadui. Mimi ni Mgika, yeye ni Mgalu.

Asiye Msukuma nimweleze. Ngoma zetu za mashindano zina pande mbili, Wagika na Wagalu, tangu enzi za mababu. Siku ya mashindano kila upande unaweka ngoma zake uwanja mmoja na mwenzake, zinalia kwa pamoja, na watu wanaamua kwa miguu yao. Wanaopenda huku wanakuja huku, wakichoka wanahamia kule. Upande utakaobaki na umati mkubwa ndio umeshinda. Sasa ili umtoe mtu kwa mwenzako, kucheza peke yake hakutoshi. Mtunzi wa nyimbo, tunamwita ningi, lazima amnyanyue ningi mwenzake kwa jina, amkaange, amgeuze, amkaange upande wa pili.

Mimi ni ningi wa Wagika. Ningi wa Wagalu ni Sesilia.

Mwaka mmoja aliimba kwamba dagaa wangu wana mchanga kiasi kwamba ukinunua kisado unajengea choo. Loh! Msimu mzima wateja walikuwa wakifika mezani wananiuliza kama nina na saruji. Nikakaa nikimtafutia la kumjibu, na yeye akawa ananiletea chai kila asubuhi, ananichungulia usoni, "Bado hujapata tu, Esta?" Ndivyo alivyo huyo mwanamke. Mrefu, ana mwanya, anacheka mpaka anashika meza. Mume wake Mihayo alifariki watoto wakiwa wadogo, akawalea kwa mchele huohuo, na sijawahi kumsikia akijihurumia hata siku moja. Jumapili anaimba kwaya kanisani kwa sauti ileile anayonitukania. Mara nyingine nikiwa nje ya kanisa naisikia inapanda juu ya sauti zote, nasema moyoni, huyu Mungu naye hana wivu.

Uvimbe ulianza mwisho wa msimu mmoja. Kijitezi chini ya sikio, ukubwa wa harage. Akapuuza. Kikaja kingine, kisha vingine kwapani, na havikuwa vinamuuma. Alikuwa akijifunga kitenge shingoni hata wakati wa joto, na mimi nikadhani ni maringo. Alipokwenda zahanati fulani wakamwambia ni kifua kikuu cha matezi, na si ajabu, huku kwetu machimboni kifua kikuu kipo kingi. Akala vidonge miezi na miezi. Matezi yakabaki palepale yakimtazama.

Hapo ndipo Bartholomeo alipoingilia. Bartholomeo ni mnunuzi wa ng'ombe na mwenyekiti wa Wagalu, mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa. Akaita kikao cha kundi lao akatangaza kwamba ningi wao ametupiwa uvimbe. Ugonjwa gani huo, anasema, unaoziacha sehemu zote za mwili unakwenda kukaa shingoni kwa mwimbaji? Na aliyeutupa, anasema, hayuko mbali, ana meza jirani yake pale sokoni.

Habari hiyo ilinifikia kabla hajamaliza kikao. Siyo kwamba sisi hatuna dawa. Kila kundi la ngoma lina dawa yake, nikikataa nitakuwa mwongo. Lakini ya kwetu ni ya kuvuta watu, si ya kuvimbisha watu shingo! Nilifunga meza, nikaenda mpaka mnadani, nikamkuta Bartholomeo katikati ya ng'ombe na wanunuzi wenzake. Sitarudia nililosema. Ng'ombe wenyewe waligeuza vichwa.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwa Sesilia.

"Jiandae," nikamwambia. "Tunakwenda Mwanza, hospitali kubwa. Nataka nisikie kwa masikio yangu huu ugonjwa una jina gani, maana kwa sasa unaitwa Esta."

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Haya, twende. Peke yangu nilikuwa naogopa."

Mwanza tulimkuta Daktari Noela, Mhaya mwembamba mwenye miwani, anayeongea taratibu kana kwamba hakuna foleni nje. Alimpapasa Sesilia shingo, kwapa na tumbo, akasema hatakisia. Wakamtoa tezi moja zima wakalipeleka kuchunguzwa, tukarudi Kahama, tukaitwa tena.

Jibu lilikuwa saratani. Saratani ya matezi, inayoanzia kwenye chembechembe nyeupe za damu, zile zilizo askari wa mwili. Nilianza kulia palepale. Sesilia akanigeukia kwa hasira.

"Unalia nini? Wewe unapaswa kushangilia."

"Nyamaza, Sesilia."

"Nyamaza wewe, tumsikie daktari."

Daktari akatuambia hajamaliza. Saratani za chembe ndogondogo kama hizo, alisema, ziko za aina kadhaa, na ukizitazama kwenye hadubini zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Lakini tabia zao ni mbalimbali. Iko inayokwenda mbio, hiyo mtu anawahiwa na dripu kali za dawa ya saratani, akichelewa anaumia. Iko inayojikokota, mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila dawa yoyote, na ukimpa dripu mapema hujamwongezea maisha, umemchosha bure. Wamejaribu kupaka rangi zinazozitenganisha, lakini rangi moja muhimu imetokea hafifu. Akitazama leo anaona hii, akitazama kesho anaona ile.

"Kwa hiyo siwezi kuapa," akasema. "Kipande cha tezi lako nakipeleka maabara Dar es Salaam. Kule hawataangalia sura tu. Watapima vinasaba vya uvimbe wenyewe, waone vipi vimeamka vinafanya kazi na vipi vimenyamaza. Kila aina ina mpangilio wake, hapo haiwezi kujificha."

Sesilia alikuwa amekunja uso akifikiri. "Kama mchele," akasema. "Ukiutazama kwenye gunia wote mweupe. Mfanyabiashara mwongo anaweza kukuchanganyia wa zamani na mpya. Ukiupika ndio unajua."

"Basi tunakwenda kuupika," Daktari Noela akasema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ila mnipe muda. Nisingependa kukuanzishia dripu ambayo huenda huihitaji. Na nisingependa kukuacha hivi hivi kama unaihitaji."

Tukarudi kusubiri, na kusubiri huko kulikuwa kubaya kuliko ugonjwa. Maige, mtoto wake mkubwa, anachimba dhahabu upande wa Runzewe. Alikuwa akipiga simu kila akitoka shimoni. Mama, mbona hawakupi dripu? Mama, wanakudharau kwa sababu wewe ni muuza mchele? Bartholomeo naye alikuwa na mganga wake tayari, anataka mbuzi mweusi. Sesilia akawajibu wote jibu moja: kitu bado kiko jikoni, mtulie.

Sasa njoo kwangu. Mwaka huo nilikuwa nimepata wimbo. Nilikuwa nimeutafuta kwa misimu yote ile ya kuulizwa saruji, na hatimaye ulinijia nikiwa natandaza dagaa juani. Ulihusu kopo la Sesilia la kupimia mchele, ambalo kitako chake kimebonyezwa kwenda ndani, kimepanda juu kama kitovu cha mtoto. Kila Mkahama amewahi kupimiwa na lile kopo. Wimbo ulikuwa mtamu, wachezaji wangu walishindwa kushika majembe yao ya kuchezea kwa kucheka.

Lakini kwetu kuna miiko. Mfiwa hatukanwi kwenye ngoma, mzazi mwenye kichanga hatukanwi, mgonjwa wa kitandani hatukanwi. Jina lake linatolewa, linawekwa la mwingine, mpaka atakapokuwa sawa. Nikakaa nikaona, mtu mwenye saratani, hata kama anasimama sokoni, nitamwimbaje? Nikalitoa jina la Sesilia. Nikamweka kijana mmoja wa Wagalu, muuza simu, ambaye hata kopo hana. Wimbo ukapooza kama ugali wa jana.

Siri za ngoma hazikai. Kesho yake asubuhi Sesilia alikuja kwenye meza yangu akiwa amelishika kopo lenyewe mkononi.

"Umenitoa?"

"Mama Maige, kaa kwanza tunywe chai."

"Nakuuliza, Esta. Umenitoa kwenye wimbo?"

"Wewe ni mgonjwa. Unajua mwiko."

"Nani kasema mgonjwa? Daktari mwenyewe kasema hajui ni ugonjwa gani! Wewe umejulia wapi, kwenye dagaa?" Wateja walikuwa wameshageuka. "Mimi padre hajanipaka mafuta, wewe umeshanifuta! Nimekukosea nini?"

"Sijakufuta, nimekuheshimu!"

"Heshima yako kaipike."

Akaligonga kopo mezani pangu mpaka dagaa wakaruka, akaenda zake. Kuanzia hapo hakuna chai. Hakuna mwangaluka. Mteja akiuliza mboga, anamwambia akatafute mbele. Meza zimegusana, lakini kama kuna ukuta katikati. Haki ya Mungu, matusi yake yote ya miaka ile hayakuniuma kama ule ukimya. Nilikuwa nafika nyumbani nawakaripia watu bila sababu, Masalu mwanangu akawa ananikwepa.

Simu ya Mwanza ilipokuja, Sesilia alisimama mbele ya meza yangu bila kunitazama.

"Jibu limerudi. Basi ni asubuhi. Kama unataka kuja, njoo."

Tulikaa viti vya kufuatana. Tulipoipita Shinyanga ndipo akafungua mdomo, akiwa bado anatazama dirishani.

"Unajua ninachoogopa?"

"Kufa."

"Kufa nako naogopa, mimi si jiwe. Lakini nawaza hizo dripu. Nimemwona mtu akizipata, sauti ilimwisha ikawa kama ya panya. Nawaza msimu unapita niko kitandani, na mwingine, na watu wanazoea kuwa sipo. Halafu nasikia wewe umeanza mapema, umezoea kabla hata jibu halijaja."

Nikamshika mkono, akauacha niushike. Nilimwambia nimeogopa pia, kwamba nilimwondoa kwenye wimbo kwa sababu nilikuwa siwezi kulitamka jina lake bila kuanza kulia, na mwiko ulikuwa kisingizio kizuri. Akaniangalia sasa.

"Ungesema hivyo siku ile, nisingekumwagia dagaa."

Daktari Noela aliingia chumbani akiwa tayari ana uso wa furaha, na nilimwombea baraka papo hapo, maana wapo wanaokuacha roho juu mpaka wavute kiti.

"Si ile ya mbio," akasema akiwa bado amesimama. "Vile vinasaba vinavyoendesha ile ya mbio, kwako vimenyamaza kabisa. Mpangilio wako ni wa ile inayojikokota. Hii tunasema ni saratani mvivu."

Ina jina refu, alilitaja, mimi siwezi kulitamka na sitajaribu. Sesilia alikuwa ameshika ukingo wa meza ya daktari kama anavyoshika ya kwake, ila hakuwa anacheka.

"Mvivu," akarudia.

"Mvivu. Haijaisha, nisikudanganye. Ipo, na siku moja inaweza kuamka, tutaishughulikia siku hiyo. Kwa sasa sikupi dripu wala kidonge. Utakuja kila baada ya miezi michache tupime damu na matezi. Ukiona homa zisizoeleweka, jasho la kulowesha shuka, unakonda, au tezi linakua haraka, hapo usingoje tarehe, njoo."

"Kwa hiyo, daktari, mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Una ugonjwa. Lakini unaweza kuishi kama mtu mzima yeyote. Uza mchele wako, lala, kula, sali."

"Nijibu moja tu." Sesilia akasogeza kiti. "Naruhusiwa kutukanwa?"

Daktari akavua miwani. "Anakutukana nani?"

"Huyu hapa."

Ikabidi tumweleze yote, Wagika na Wagalu, saruji, kopo, mwiko, wote wawili tukiongea kwa pamoja na kukatizana. Mhaya wa watu alicheka mpaka muuguzi akafungua mlango kuangalia kuna nini. Akajifuta macho, akasema kwamba katika masomo yake yote hakuna mahali alipoambiwa kuwa matusi yanavimbisha matezi.

"Na kucheza?" Sesilia akauliza.

"Cheza."

"Na kumtukana yeye?"

"Hilo nakuandikia kabisa kama dawa."

Tulitoka pale tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Nje ya geti alisimama, akapiga kigelegele kirefu, watu wakageuka, dereva wa bodaboda akauliza ni harusi ya nani. Nikamjibu ni ya huyu hapa, kaolewa na uhai.

Bartholomeo tulimkuta Kahama akisubiri na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alipoelezwa, alikuna tumbo.

"Basi haukutupwa," nikamwambia. "Sema mbele ya watu."

"Labda ulitupwa," akasema. "Ila nyie Wagika kulenga hamjui, mkarusha mvivu."

Nilitaka kumvaa, lakini Sesilia alikuwa amekaa chini kwa kicheko, na nami ikanishinda.

Siku ya mashindano, uwanja wa Ngogwa ulikuwa umejaa vumbi, baiskeli, wauza miwa na watu waliotoka mpaka Buseresere. Wazee wa upande wangu waliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikawaambia daktari ameruhusu, anayebisha apande basi akamuulize. Ngoma zikalia. Wachezaji wangu wakarusha majembe juu, wakayadaka, na mimi nikafungua mdomo nikalitaja jina la Sesilia, Mama Maige, mwenye kopo lenye kitovu.

Jamani! Watu walimiminika. Akina mama waliokuwa wamepimiwa na lile kopo maisha yao yote walikuja mbio wamebeba viatu. Nilipoimba kwamba kopo lina mimba na mchele ndio unaopungukiwa damu, uwanja wa Wagalu ulibaki na wapiga ngoma tu. Nilimtazama Sesilia kwa mbali. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikashtuka. Nikadhani nimemvunja. Sauti ikaanza kunitoka nusu.

Kumbe anacheka. Akainua kichwa, akakifungua kile kitenge chake cha shingoni mbele ya watu wote, akakitupa chini, matezi yakaonekana wazi. Ngoma zao zikanyamaza. Akaanza peke yake, kwa sauti ya kwaya, taratibu:

"Uvimbe wangu nimeupeleka Dar es Salaam,
wameupima vinasaba, wataalamu.
Wamesema ni mvivu, kazi hautaki,
unakaa shingoni unakula, hautoki.
Wakatafuta ukoo wake, wakauliza ni wa nani,
jibu limerudi: ni mdogo wake Esta, wa sokoni!"

Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi, kisha ukalipuka. Watu walinikimbia kama nimemwaga siafu. Wale akina mama wa kopo walikuwa wa kwanza kuvuka, viatu mkononi. Wachezaji wangu waliweka majembe chini kwa kicheko, mpiga ngoma wangu mkubwa akaniomba radhi kwa ishara akaondoka na fimbo zake. Masalu, mtoto niliyemzaa kwa uchungu, nikamwona upande wa pili amekenua meno yote.

Nilibaki na ngoma tatu, majembe, na mbwa wa mtu. Nilikuwa nacheka huku nalia, na kidogo nilikuwa nalia tu. Kisha nami nikavuka, nikajipenyeza mpaka mbele, maana nilitaka kuusikia ubeti wa pili. Sesilia aliponiona akapandisha sauti, akaninyooshea kidole, na ubeti wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza.